Kuunda Vifaa vya Kichawi Mezani: Kanuni za Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Mtazamaji, karibu. Katika video hii tutaandika pamoja kanuni za nyumbani, yaani kanuni zetu wenyewe badala ya zile za kitabuni, za kuunda vifaa vya kichawi katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons, toleo la tano, mpaka upate karatasi moja unayoweza kuiweka mezani jioni hii hii. Andaa karatasi isiyo na mistari, penseli, kifutio na dadu ya pande 20. Nachukulia kwamba wewe ndiye mwongoza mchezo, yaani unayesimulia hadithi na kusimamia kanuni, na kwamba yupo mchezaji wako mmoja ambaye kila mkikutana anauliza kama mhusika wake anaweza kujitengenezea upanga badala ya kungoja auokote kaburini.

Kabla ya kushika penseli, tuelewe kwanza kwa nini kanuni za kitabuni huwachosha watu. Mwongozo wa mwaka 2014 ulipanga gharama ya kifaa adimu, yaani cha daraja la tatu kutoka chini, kuwa sarafu 5,000 za dhahabu, na fundi mmoja alihesabiwa kazi ya sarafu 25 tu kwa siku, maana yake siku 200 za kukaa karakana huku wenzake wakipigana na majitu. Kifaa cha daraja la juu kabisa linaloweza kuundwa, ambacho hapa nitakiita kifaa cha ngano, kiligharimu sarafu 500,000, yaani siku 20,000, karibu miaka 55. Kijana aliyeanza kukifua angekimaliza akiwa anatembelea mkongojo. Kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017 kilishusha kifaa adimu hadi sarafu 2,000 na wiki 10 za kazi zenye siku tano tano, na mwongozo mpya wa mwaka 2024 umebaki na hesabu hiyo hiyo. Mimi sina ugomvi na bei hizo. Ninachokibadilisha ni kile ambacho mchezaji anakifanya ndani ya hizo wiki, kwa sababu kukata sarafu 2,000 kwenye karatasi ni hesabu ya dukani, na hakuna aliyekuja mezani kufanya hesabu ya dukani.

Hatua ya kwanza: andika juu ya karatasi jina la kifaa na daraja lake, kisha uchore visanduku kulingana na daraja hilo. Kifaa cha kawaida kina kisanduku 1 na gharama ya sarafu 50. Kisicho cha kawaida, visanduku 2 na sarafu 200. Adimu, visanduku 10 na sarafu 2,000. Adimu sana, visanduku 25 na sarafu 20,000. Cha ngano, visanduku 50 na sarafu 100,000. Dawa na vitu vingine vinavyotumika mara moja vikaisha, vipunguze kwa nusu. Mfano wetu leo utakuwa upanga wa moto, ambao ni kifaa adimu na ambao, ukiwashwa, huongeza dadu mbili za pande sita za madhara ya moto. Kwa hiyo nachora visanduku 10, vikubwa vya kutosha kutiwa alama hata na mtu mwenye mikono inayotetemeka.

Hatua ya pili ndiyo roho ya kanuni hizi, na hapa usiharakishe. Kila kifaa kuanzia daraja lisilo la kawaida kwenda juu kinahitaji kiungo kikuu kimoja kisichonunulika. Kitabu cha mwaka 2017 kilipendekeza kiungo kitokane na kiumbe hatari, na kwa kifaa adimu kikataja viumbe wa kiwango cha hatari 9 hadi 12, namba ambayo kitabu hutumia kuonyesha ugumu wa kupigana na kiumbe. Ni mwongozo mzuri wa kupimia ugumu wa safari, lakini ukiufuata neno kwa neno utaishia na orodha ya wanyama wa kuchinjwa: leo moyo wa joka, kesho jino la joka, keshokutwa mkia wake. Badala yake, jibu maswali matatu kwa maandishi: kiungo kiko wapi, nani anakishikilia, na kwa nini hakijawahi kufika sokoni.

Kwa upanga wetu nimejibu hivi. Kiungo ni kaa la moto kutoka katika tanuri la mhunzi mmoja wa milimani, tanuri ambalo halijazimwa tangu zama za babu yake. Mhunzi yuko tayari kulitoa, ila kwa sharti kwamba wahusika wakamwondolee viumbe waliouteka mgodi wake. Halijafika sokoni kwa sababu likizimika linakuwa mkaa kama mkaa mwingine, na karakana iko umbali wa siku tatu. Basi wahusika hulibeba ndani ya chungu chenye majivu, hulilisha vipande vya kuni kavu, na kila usiku mmoja wao hukesha akilipulizia taratibu. Nilipoendesha safari hii mezani kwangu, pambano la mgodini lilikwisha upesi na hakuna anayelikumbuka. Kilichowatoa jasho ni mvua ya usiku wa pili na mto uliofurika: watu wazima wanne walibishana karibu saa nzima kuhusu nani abebe chungu kichwani, na nani alivue joho lake kulifunika.

Hatua ya tatu: kazi yenyewe. Kila wiki moja ya mchezo, fundi anarusha dadu ya pande 20 na kujumlisha nyongeza yake ya ufundi, yaani namba ya ustadi iliyo kwenye karatasi ya mhusika wake. Kipimo cha ugumu kwa kifaa adimu ni 13. Akifikia 13 anatia alama kisanduku kimoja. Akifikia 18 au zaidi anatia viwili. Akishindwa, wiki imepita bure lakini malighafi yake iko salama. Tazama karatasi yangu. Fundi wetu ana nyongeza ya 5. Narusha: 9, jumla 14, kisanduku kimoja. Narusha tena: 14, jumla 19, visanduku viwili. Kwa nyongeza hiyo, nyuso 13 kati ya 20 za dadu humpa angalau kisanduku kimoja, na nyuso 8 kati ya hizo humpa viwili, hivyo kwa wastani anajaza kisanduku kimoja na ushei kwa wiki na kumaliza katika wiki 10 hivi, sawa kabisa na kitabu. Kwa adimu sana tumia kipimo cha 15, na kwa vifaa vya ngano 17.

Utauliza kwa nini anayeshindwa haadhibiwi. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilimtoza fundi pointi za uzoefu, zile ambazo mhusika hukusanya ili apande ngazi, kwa kila kifaa alichounda, na kwa maoni yangu hiyo ilikuwa dhuluma, maana anayelitengenezea kundi zima silaha ndiye aliyeachwa nyuma ya wenzake.

Hatua ya nne: dadu ikionyesha 1, kifaa kinapata kasoro. Kasoro si laana, na isipunguze nguvu ya kifaa. Mwachie mchezaji aliyeketi kushoto kwa fundi aibuni. Upanga wetu, kwa mfano, hunuka nywele zilizoungua kila unapochomolewa, na walinzi wa malango huuliza maswali.

Hatua ya tano: msaidizi. Mhusika mwenye ujuzi wa zana zinazohusika akishinda karakana wiki nzima, fundi anarusha dadu mara mbili na kuchukua matokeo bora, na wiki 10 zinashuka hadi takriban saba. Chini ya visanduku hivyo chora mstari wa adui: kila wiki inayopita, jeshi lake linasogea hatua moja. Bila mstari huo wiki hazina uzito wowote.

Hatua ya sita ni breki. Fundi huwa na kazi moja tu kwa wakati mmoja. Kikomo cha vifaa vitatu vinavyofungamana na mhusika, yaani vile ambavyo lazima ajifunganishe navyo kwanza ndipo nguvu zake zifanye kazi, kimo tayari kwenye kanuni za msingi, kwa hiyo usikiguse. Dawa ya uponyaji iangalie kwa jicho la pekee: hutengenezwa kwa siku moja na sarafu 25, ilhali bei yake dukani ni 50. Mchezaji wangu mmoja aliligundua hilo akaacha ushujaa, akafungua kiwanda. Sasa mezani kwangu mitishamba ya dawa hiyo inatosha chupa tatu kwa kila msimu, na lazima aifuate mwenyewe porini.

Karatasi hii igawe mwanzoni mwa kikao, wakati watu bado wana nguvu, si mwishoni wanapotafuta viatu. Na kisanduku cha mwisho kikijaa, mwachie fundi aupe upanga jina, kisha aliandike kwenye karatasi ya mhusika wake kwa kalamu ya wino.