Piza ya Wapi? Mabishano ya Malindi

KAZUNGU: Karibuni tena kibarazani, wasikilizaji. Mimi ni Kazungu, tuko Malindi, na leo tunaongea piza. Aliyekaa mkabala nami, mwenye uso wa mtu aliyekuja na kesi, ni dada Mwanaisha.

MWANAISHA: Assalaam aleikum. Kesi ninayo, kakangu. Unawaambia watu ati piza ni ya Napoli tu, nyingine zote ni mikate iliyopakwa nyanya.

KAZUNGU: Na narudia mbele ya maikrofoni. Mimi nafuata moto. Tanuri la kuni la Napoli linafika karibu nyuzi 480 za Selsiasi. Piza inaingia, na ndani ya sekunde 60 hadi 90 imeshatoka. Nyanya haijapikwa mpaka ikachoka, jibini limeyeyuka halijakauka, ukingo umevimba na madoa meusi. Kuna chama chao cha piza halisi, kilianzishwa 1984, kimeandika kila kitu, hadi upana. Isizidi sentimita 35.

MWANAISHA: Hapo ndipo wanaponichosha. Chakula cha masikini wa mjini, kililiwa vichochoroni na watu wasio na jiko, leo kimeandikiwa katiba.

KAZUNGU: Katiba ndiyo iliyolinda ufundi. Mwaka 2017 UNESCO wakauingiza ufundi wa waokaji wa Napoli kwenye orodha ya turathi. Si piza yenyewe, ufundi wa mikono.

MWANAISHA: Mji wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na bado waweza kula vibaya pale pwani ukikosa kuuliza. Hebu nijibu hili: piza yako katikati ikoje?

KAZUNGU: Laini.

MWANAISHA: Sema majimaji! Ukiinyanyua ncha inalala, mchuzi unakufuata mpaka kwenye kiwiko. Wenyewe wanaila kwa kisu na uma, au wanaikunja mara mbili ndiyo watembee nayo. Mimi nipe ya Roma. Donge lina mafuta kidogo, limesukumwa kwa kijiti mpaka likawa jembamba, ukiuma linalia. Na Roma wana ile nyingine, inaokwa kwenye sinia refu la mstatili, muuzaji anakata kwa mkasi, anaweka kwenye mizani, unalipia uzito. Una pesa ndogo? Unaonyesha kwa kidole, kata hapa. Hiyo ni biashara ya haki.

KAZUNGU: Kijiti kinafukuza hewa yote kwenye donge. Unabaki na biskuti.

MWANAISHA: Biskuti inayoshika vitu vilivyowekwa juu yake. Yako haishiki hata jani la rehani.

KAZUNGU: Bora umelitaja. Margherita: nyanya, jibini jeupe, rehani. Wanasema mwaka 1889 mwokaji Raffaele Esposito aliipika kwa ajili ya malkia Margherita, rangi tatu za bendera ya Italia. Wanahistoria kadhaa wanaitilia shaka hadithi hiyo, lakini piza yenyewe haina shaka.

MWANAISHA: Mimi siku ya kwanza kuletewa nilicheka. Rehani kwetu ni ya kikuba, unaivaa na asumini uende harusini. Ikaja juu ya sahani!

(Kicheko)

KAZUNGU: Haya, tuvuke bahari. New York, 1905, mkahawa wa Lombardi's unaanza kuuza piza, nao hauchomi kuni, unachoma makaa ya mawe. Wahamiaji waliikuta nishati hiyo mjini, wakaizoea. Baadaye yakaja majiko ya gesi, moto wake ni mdogo zaidi, kwa hivyo piza inakaa ndani muda mrefu, inakauka zaidi, inakuwa kubwa, inauzwa kipande kipande. Unakikunja kwa urefu, unakula ukitembea.

MWANAISHA: Umesikia ulivyosema? Moto ulibadilika, piza ikabadilika. Hakuna aliyepotea njia. Kila mji umepika kwa moto uliokuwapo na kwa mtu aliyekuwapo. Mtu wa Napoli anakaa, wa New York anakimbilia treni.

KAZUNGU: Nakupa New York. Chicago sikupi.

MWANAISHA: Hata mimi Chicago siitaki, lakini niambie sababu yako.

KAZUNGU: Lile ni sufuria la jibini! Lilianzia mkahawa wa Pizzeria Uno, 1943. Donge linapandishwa kwenye kuta za chombo kirefu, jibini chini, nyama katikati, nyanya juu. Unasubiri nusu saa na zaidi.

MWANAISHA: Nyanya iko juu kwa sababu jibini likikaa juu muda wote huo litaungua. Kuna akili pale. Shida yangu ni safari. Nimefika mji wa watu, nina mchana mmoja, nile kitu kimoja kizito hadi nilale? Sitaona mji. Afadhali Detroit. Kule mwaka 1946 waliokea kwenye masinia ya chuma yaliyokuwa yakitumika viwanda vya magari kuwekea vifaa vidogo. Jibini linasukumwa mpaka ukutani mwa sinia, pembeni linakuwa kahawia na gumu, na watu wanagombania pembe.

KAZUNGU: Ukoko.

MWANAISHA: Ukoko hasa! Mtoto gani wa pwani hajagombania ukoko wa wali?

KAZUNGU: Sasa tuje kwa samaki, maana hapa ndipo tunapokosana na wageni wetu. Muitaliano ukimwagizia piza ya kamba na jibini anakuangalia kama umemtukania mama.

MWANAISHA: Na yeye mwenyewe si mkweli. Palermo, kule Sisilia, wana piza nene inaitwa sfincione: vitunguu, nyanya, vidagaa vya chumvi, chenga za mkate, na jibini la caciocavallo. Samaki na jibini kitanda kimoja! Ukienda New Haven, Marekani, kwa Frank Pepe, mkahawa wa tangu 1925, piza inayosifiwa ni nyeupe, haina nyanya: kombe wa baharini, kitunguu saumu, oregano, mafuta ya zeituni na jibini la kukwaruza. Kwa hivyo hiyo sheria imeandikwa kwenye mchanga.

KAZUNGU: Jibini la kukwaruza ni kidogo. Ninalokataa ni blanketi. Kamba wa Ngomeni, hapa kaskazini ya Malindi, ametoka majini asubuhi, unamfunika jibini la kuvutika, atasikika vipi? Mimi namuagiza bila jibini, kitunguu saumu na pilipili, basi.

MWANAISHA: Kwa kamba nakubali. Kwa jodari na vitunguu, hapana. Jodari anastahimili.

KAZUNGU: Na nanasi?

MWANAISHA: Usinichokoze. Aliyelianzisha ni Sam Panopoulos, mzaliwa wa Ugiriki, akiwa na mkahawa Kanada, mwaka 1962. Rais wa Iceland alipotania 2017 kwamba angeweza angepiga marufuku nanasi juu ya piza, ilibidi atoe maelezo kuwa hana mamlaka hayo. Mimi nanasi langu nalila na chumvi na pilipili ya unga, kando. Twende mbele.

KAZUNGU: Kabla ya kwenda, Argentina. Uliisifu kabla hatujaanza, na sikuwahi kukusikia ukiisifu nchi ya watu hivyo.

MWANAISHA: Kwa sababu ya unga wa dengu! Buenos Aires ilipokea Waitaliano wengi kutoka Genoa. Wana piza nene ya vitunguu na jibini, fugazzeta, na mkate mwembamba wa unga wa dengu unaitwa fainá. Wanauweka juu ya kipande cha piza, wanakula vyote kwa pamoja wamesimama kaunta. Huo unga ndio wa bhajia zetu. Mtu wa Malindi akifika kule asiambiwe ni mgeni.

KAZUNGU: Tumefika nyumbani sasa. Kuna msikilizaji ametuma sauti: anatoka Nairobi kwenda Lamu, atalala Malindi usiku mmoja, anauliza kama kula piza Malindi ni kupoteza usiku.

MWANAISHA: Ni kupoteza.

KAZUNGU: Aa wapi! Dada, Waitaliano hapa hawakuja jana. Miaka ya 60 walijenga kituo cha San Marco kule Ngomeni, chini ya profesa Luigi Broglio. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka pale, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Nyuma ya mainjinia wakaja watalii, wakaja wastaafu, yakaja matanuri. Leo anayesimama mbele ya tanuri ni kijana wa Kigiriama kutoka Ganda au Kakuyuni. Analigusa donge kwa kidole anajua limeiva. Anachoma mvinje uliokauka, moto wake mkali. Kwa nini nimwambie mgeni hiki si chakula cha Malindi?

MWANAISHA: Huyo kijana namheshimu. Tena kazi yake ni ngumu kuliko ya mwenzake wa Napoli. Kule donge linaachwa liumuke kwa muda wa saa 8 hadi 24. Hapa, joto la Februari, ukiliacha nje usiku kucha na hamira ileile, asubuhi limechacha, limelegea. Lazima apunguze hamira au alitie kwenye friji, na umeme ukikatika ni balaa. Ndiyo maana mimi nikifika mahali nanusa kwanza. Donge likinuka siki, naagiza chai naondoka.

KAZUNGU: Unaangalia nini kingine?

MWANAISHA: Tanuri. Kama silioni na moto wake siuoni, nina maswali. Halafu orodha ya vyakula. Piza hamsini na sushi na biriani kwenye karatasi moja, huyo mtu hana anachokijua. Naagiza Margherita, haina pa kuficha uovu. Na kabla ya yote hayo naulizia nguruwe.

KAZUNGU: Liseme hilo vizuri, wasikilizaji wengi linawahusu.

MWANAISHA: Usiulize tu kama piza yako ina nyama ya nguruwe. Uliza kisu. Kile kigurudumu cha kukatia kimetoka kwenye salame, soseji ya nguruwe, kikaja kwako. Uliza kama kuna kisu cha kando, na kama nyama zinaandaliwa kwenye meza ileile. Mahali pa heshima hawakasiriki, wanakuletea piza nzima isiyokatwa na kisu kisafi. Kuna mmoja, jina namstiri, alinijibu «moto unasafisha kila kitu». Nikamwambia haya, na pesa yangu nayo imesafika, inarudi mfukoni.

(Kicheko)

KAZUNGU: Sasa huyo msafiri umemwambia asile piza, ale nini?

MWANAISHA: Mkate wa mayai. Donge linavutwa jembamba hadi uone mkono wako, katikati nyama ya kusaga, yai, vitunguu, linakunjwa pande nne, linakaangwa kwenye kikaango kipana. Mombasa wanaupika tangu zamani. Forodhani, Zanzibar, ndugu yake anaitwa piza ya Zanzibar, wamemuongezea jibini, na siku hizi hata chokoleti na ndizi. Ukitaka kuniambia piza ni ya Napoli peke yake, nenda Forodhani usiku useme kwa sauti.

KAZUNGU: Ile si piza! Haina tanuri.

MWANAISHA: Ina moto, ina donge, ina mtu mwenye njaa amesimama. Detroit umekubali, New York umekubali, Forodhani unakataa. Kwa nini?

KAZUNGU: ...Wasikilizaji, nimeulizwa swali zito na muda unakwisha.

MWANAISHA: Muda uko tele.

KAZUNGU: Basi nipatanishe. Msafiri wangu akishuka basi jioni, apite barabarani kwenye viazi karai na mishikaki, ale kidogo. Saa tatu usiku aende kwenye tanuri la kuni, agawane piza moja na mwenzake. Akiwa na siku ya ziada arudi nyuma kuelekea Watamu, Dabaso, ale sambusa za kaa kwenye hori ya Mida. Ila apige simu kwanza. Aprili hadi Juni, wageni wakiondoka na masika yakiingia, mikahawa mingi ya Kiitaliano inafungwa.

MWANAISHA: Hilo la kugawana nimelipenda. Na Lamu?

KAZUNGU: Lamu kuna piza.

MWANAISHA: Kuna, na jibini limefika kwa gari mpaka gati ya Mokowe, huku bara, likapanda mashua. Basi wewe umekwenda hadi kisiwa kile kula kilichosafiri kuliko wewe? Lamu aulizie mkate wa mofa, ule wa kuokwa kwenye tanuri la udongo. Aulizie samaki wa kupaka, na juisi ya ukwaju. Usiku akisikia hamu ya piza, anywe maji alale.

KAZUNGU: Mimi ningekula piza ya kamba pale Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, bila jibini.

MWANAISHA: Bila jibini na bila aibu.

KAZUNGU: Tutumieni sauti zenu, mtuambie tanuri lenu liko mtaa gani na linawashwa saa ngapi. Wiki ijayo ni viazi karai, na nasikia wa Mombasa wameshaanza kutukana.

MWANAISHA: Waache waje. Ukwaju wao una maji.