Ukianguka kwenye ngazi za mwenye nyumba, usikimbilie kusema ni kadari

Ndugu zangu mlioko Mombasa, hamjambo? Nimetoka kazini sasa hivi, hata jaketi sijavua.

Kazi yangu hapa Uingereza ni usafi katika duka kubwa. Mlangoni kwa stoo kuna karatasi: kila nikimaliza kukagua sakafu, naandika saa na kutia sahihi. Miezi ya mwanzo nilidhani wananichunga nisizembee. Kumbe ile karatasi ni ngao ya duka: mtu akiteleza na kushtaki, inaonyesha sakafu ilikaguliwa.

Kuna kesi iliyoamuliwa miaka ya 1970. Mama mmoja wa Liverpool aliteleza kwenye mtindi uliomwagika dukani Tesco. Hakuna aliyejua mtindi ule ulikaa sakafuni muda gani. Mahakama ya Rufaa ikaona kwamba sakafu ni ya duka, basi duka ndilo la kueleza lilichukua hadhari gani. Halikuwa na maelezo ya kutosha. Mama akalipwa pauni 137 na nusu.

Siku niliyosimuliwa hayo nilimkumbuka mama mdogo. Mnajua alivyoanguka mwaka juzi kwenye ngazi za fleti anayopanga: taa haiwaki, kipandio kimebomoka, na wapangaji walishalalamika. Nyonga ikavunjika. Mwenye nyumba akaja na matunda na pole, sisi tukashukuru, tukasema ni kadari. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema hivyo, na inaniuma mpaka leo.

Maana sheria tunayo hapo hapo Kenya! Ni Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inayohusu wajibu wa anayesimamia jengo, na imefuata kwa karibu ile ya Uingereza ya mwaka 1957. Anayelisimamia jengo lazima achukue hadhari ya kadiri ili anayeingia kwa ruhusa awe salama. Ndani ya chumba chako msimamizi ni wewe, lakini ngazi za kupitia wote kwa kawaida ziko mikononi mwa mwenye nyumba. Kibao cha "tahadhari" peke yake hakimuokoi, ikiwa hata baada ya kukisoma huna njia nyingine ya kupita. Na kwa watoto sheria inamtaka atarajie kwamba hawana uangalifu wa mtu mzima. Nawaza yale matangi ya maji ya chini yasiyo na mfuniko, watoto wakicheza mpira pembeni. Jamani, yafunikeni!

Ni kweli, kama ulikuwa unashuka mbio huku unachati, fidia itapunguzwa. Lakini haki haipotei yote.

Kwa hiyo piga picha kabla fundi hajaziba. Tunza karatasi za hospitali. Andika majina ya walioona. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3.

Binamu yangu alipita pale jana. Kipandio bado kimebomoka, na picha ameshanitumia. Mama mdogo, ukiiona video hii, kesho nakupigia tutafute wakili.