Ofisi Sebuleni, Risiti Mkononi: Gharama za Nyumbani na TRA

N: Karibuni, tupo Arusha. Maswali ya Njiro na Sakina yamekuwa mengi: mtu anafanyia kazi nyumbani, je, umeme, pango na bando vinapunguza kodi anayolipa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania?

E: Dada, kwanza ajue anatozwa kwa mfumo gani. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka kwa kawaida hutozwa kwenye mauzo ghafi, yaani mauzo yote kabla ya kutoa gharama. Hapo risiti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, hazipunguzi hata shilingi. Fundi cherehani na muoka keki wengi wako huku.

N: Gharama hizi basi zinamhusu nani?

E: Anayetozwa kwa faida. Mhasibu, mshauri, yeyote wa huduma za kitaalamu, hata akiingiza milioni 15 tu, haruhusiwi kule kwenye mauzo ghafi. Viwango vyake vinapanda mpaka asilimia 30, kwa hiyo gharama halali ina uzito.

N: Hapo kwenye "halali" ndipo pagumu. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinataka matumizi yawe ya kuzalisha kipato tu. Ya kifamilia yanakataliwa. Chumba cha ofisi mchana, watoto wanalala usiku, utakiteteaje?

E: Kwa shida sana. Tenga chumba, kipime kwa futi kamba. Kikiwa mita za mraba 12 katika nyumba ya 80, ni asilimia 15. Pango la 400,000, unadai 60,000. Sasa sikiliza: ukishaliingiza pango kwenye gharama za biashara, unatakiwa umkate mwenye nyumba kodi ya zuio, yaani kodi yake unayoizuia kwenye pango, asilimia 10, na kuiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Wengi wanadai pango, zuio hawana habari nalo.

N: Na mwenye nyumba mwenyewe akubali kukatwa! Hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kusaini, kaka. Umeme nao asilimia 15?

E: Hapana, friji, pasi na jiko ni vya familia. Hesabu vifaa vya kazi. Kompyuta wati 65, taa 10, ruta 10, jumla 85. Saa 8 kwa siku ni uniti 0.68, siku 26, karibu uniti 18. Nyumba ikitumia 200 kwa mwezi, dai asilimia 9. Tena kwenye risiti ya LUKU toa kodi ya jengo kwanza, lile ni deni la mwenye jengo.

N: Kompyuta ya milioni 2?

E: Usiiingize yote mara moja. Kila mwaka unadai uchakavu tu, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki: mwaka wa kwanza 750,000, wa pili 468,750. Meza na kiti, asilimia 12.5.

N: Na risiti iwe ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye TIN yako, namba ya mlipakodi, itunze miaka 5. Vocha ya kukwangua haithibitishi kitu. Bora laini ya kazi peke yake, vinginevyo utabishana na afisa bando lipi la kazi na lipi la watoto kuangalia katuni.

E: Ritani, yaani taarifa ya mapato, ya mwaka wa kalenda mwisho wake 30 Juni unaofuata, ila usisubiri mpaka hapo. Gharama hizi zipunguze tayari kwenye makadirio ya kodi ya mwaka, ya 31 Machi, la sivyo awamu zote nne za malipo utalipia faida ambayo huna.