Pumzi ya Kesi Ndefu

Ndugu zangu watetezi wa haki za binadamu, mmeniomba nizungumzie namna ya kudumu katika kazi hii. Nianze na benchi la mahakamani.

Nilikuwa nimeketi na mama mmoja tukisubiri kuitwa. Alipakata mfuko wa nailoni, ndani yake shati la marehemu mwanawe, limekunjwa kama la kwenda kanisani. Karani akatoka: kesi imeahirishwa. Ilikuwa mara ya saba. Mama akainuka, akasema, "Haya, tutarudi." Mimi ndiye niliyejifungia chooni nikalia. Wiki ile nilimfokea kila aliyenikaribia, hata wanangu. Hasira iliyonileta kwenye kazi hii ilikuwa imeanza kunila mwenyewe.

Kesi hizi ni ndefu, jamani. Wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri waliuawa Juni 2016. Watu wanne walitiwa hatiani Julai 2022, adhabu ikasomwa Februari 2023. Na hiyo ni kesi iliyofuatiliwa na nchi nzima! Ukiianza kesi kama hiyo kwa mbio za mita mia, humalizi.

Ndipo nikaanza kukimbia katika msitu wa Karura, hapa Nairobi. Msitu ule tunao kwa sababu watu waliugharamia: Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipasuliwa kichwa alipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi wa ardhi yake. Kila nikipita langoni namkumbuka.

Mwanzoni niliondoka kwa kasi, kufika kilomita ya tatu nimeshika kiuno. Mzee mmoja aliyekuwa akikimbia nyuma yangu akaniambia, "Ukishindwa kuongea, umezidisha." Nikajifunza mwendo wa kuongea. Siku hizi Jumapili nakwenda kilomita 20. Baada ya 13 au 14 miguu hulalamika, kichwa kikaleta kila sababu ya kusimama, nami nazisikia zote na kuendelea. Kule benchini nahitaji uwezo huo huo.

Kabla ya kukimbia, baada ya Alfajiri, nabaki kwenye mkeka na tasbihi. Sifuati raha pale. Nyuso zinakuja, lile shati linakuja. Zamani nilizifukuza kwa kushika simu. Sasa naziacha zije, namtaja kila mmoja kwa jina, namwombea, nasogeza punje. Nikiondoka mkekani huzuni bado ninayo, ila hainisukumi tena kumfokea mtu.

Wala si jambo geni kwetu. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula Uhuru Park. Walipopigwa na kutawanywa, walihamia kanisa la All Saints, wakakaa huko wakisali na kuimba, karibu mwaka mzima, hadi mapema 1993 wana wao walipokuwa wameachiwa. Mimi naamini zile sala ndizo zilizowaweka pale.

Lakini viongozi wa mashirika mnisikie vizuri: tasbihi na raba haziondoi deni lenu la mshahara kwa wakati, likizo, na mshauri nasaha. Na wewe unayetishiwa, usikimbie njia ile ile saa ile ile. Badilisha, tena nenda na wenzako.

Kesi ya yule mama inatajwa tena Alhamisi. Jumatano jioni nitakimbia kilomita nane za pole pole, nilale mapema, kwa sababu anapenda tufike kabla mlango haujafunguliwa.