Chora Dirisha la Jirani Bila Kugombana Naye

Mwakeye, watazamaji wangu! Karibuni tena Ujiji, chumba kile kile, feni ile ile inayolia. Mtanisamehe kwa sauti yake. Nikiizima nalowa jasho, na karatasi inalowa pamoja nami.

Leo tunachora dirisha la jirani. Wengi mmeomba somo hili baada ya kuona michoro iliyobandikwa ukutani nyuma yangu, yote ya mwaka 2020, mwaka wa corona. Niseme ukweli mapema ili nisije nikaulizwa: sisi hapa hatukufungiwa ndani. Italia walifungiwa nchi nzima Machi mwaka ule, Ufaransa wakafuata baada ya wiki moja, na majirani zetu wa Rwanda nao mwezi huo huo. Huko watu walibaki na dirisha tu, na wachoraji wakaanza kuchora waliowaona ng'ambo ya pili: huyu anamwagilia maua, yule anaruka kamba kwenye balkoni, mtoto kasinzia juu ya daftari. Kwetu shule zilifungwa tarehe 17 Machi, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, lakini soko liliendelea na mitumbwi iliendelea kushusha dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi. Mimi nilijifungia mwenyewe. Mama yangu ana kisukari, na ndiye mimi niliyekuwa namhudumia. Kazi yangu ya kufundisha kuchora ilisimama pamoja na shule. Nikabaki na karatasi, dirisha na siku ndefu.

Sasa, kabla ya kushika penseli, tuongee adabu. Mlangoni tunapiga hodi. Dirisha halina hodi, kwa hiyo hodi yake ni lazima uipige wewe mapema. Mwaka 2013 mpiga picha mmoja wa New York, Arne Svenson, alionyesha picha za majirani alizowapiga kutoka nyumbani kwake kwa lenzi ya kuvuta mbali, wao wakiwa kwenye jengo la vioo ng'ambo ya mtaa. Wenyewe hawakujua. Familia moja ikamshtaki, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikampa yeye haki kwa kuwa kazi ile ilihesabiwa ni sanaa, ingawa majaji hawakuficha kwamba jambo lenyewe linakera. Haya, wewe ushindi wa New York utakusaidia nini hapa mtaani, ambako keshokutwa unakwenda kuomba kaa la moto kwa mama huyo huyo?

Mimi nilisimama barabarani, nikamwamkia jirani yangu kutoka mbali, nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba nichore dirisha lako la jikoni." Akajibu, "Marahaba. Chora, lakini usinichore kichwa wazi." Nilikubali, na nikajiongezea masharti yangu: dirisha la chumba cha kulala sichori hata pazia likiwa wazi, na uso wa mtu siutoi sawasawa. Mtu anatambulika kwa mgongo wake na mikono yake, nanyi mtaona.

Vifaa. Penseli mbili, HB ya kawaida na 6B iliyo laini na nyeusi zaidi. Kifutio. Karatasi nzito kidogo. Rangi za maji za vidonge, zile za watoto wa shule zinatosha. Peni nyeusi. Na mshumaa mweupe. Ndiyo, mshumaa, msiucheke.

Chukua boksi tupu la dawa ya meno, likate, upate kipande bapa. Toboa katikati tundu la sentimita 4 kwa 6. Sasa rudi nyuma. Usikae umebandika pua kwenye wavu wa dirisha lako. Kaa hatua mbili ndani ya chumba, pawe na kivuli. Hapo utaona vizuri zaidi na wala hutamsumbua mtu kwa kuonekana umemkodolea macho. Weka alama ya chaki sakafuni miguu ilipo, maana ukihama hata kidogo, kila mstari unahama na wewe. Inua kile kikadi, fumba jicho moja, kisogeze mpaka dirisha la jirani likae ndani ya tundu na ukuta kidogo pembeni. Kwenye karatasi chora mstatili wa sentimita 16 kwa 24. Ni tundu lile lile mara nne, kwa hiyo kitu kilichochukua nusu ya tundu kitachukua nusu ya mstatili. Hesabu imeisha.

Angalieni mkono wangu hapa. Naanza na fremu, kwa HB, mistari myepesi. Kizingiti cha chini, miimo miwili, shata la mbao lililofunguliwa upande wa kushoto. Usiweke nondo bado. Kila mwanafunzi wangu hukimbilia nondo kwa sababu ni rahisi, halafu anashindwa kuingiza mtu nyuma yake. Tunaingia ndani kwanza, nondo zitatukuta.

Finya macho. Ukiyafinya, rangi zinakufa, unabaki na mwanga na giza. Mchana wa hapa kwetu jua linapiga ukuta wa nje mpaka unang'aa, na ndani ya dirisha panaonekana peusi. Lakini tazama tena, usiwe na haraka. Vitu vilivyo karibu na kizingiti vimeshika mwanga ukingoni: mdomo wa sufuria, kiwiko, ukingo wa ungo. Hivyo tu ndivyo vya kuchora. Vilivyobaki vizamishe kwenye 6B, na pale penye mwanga acha karatasi ilivyo. Humchori mama na halafu kumtia kivuli. Unachora giza, naye anabaki.

Sasa tatizo la mtu: hatulii. Hapa ndipo nilipopoteza karatasi nyingi Aprili ile, mpaka nikagundua kwamba kazi za nyumbani zina marudio. Mtu anayechambua dagaa anainama, anachagua, anatupa kando, anainama tena. Anayepepeta mchele vilevile. Fundi cherehani wa nyumba ya tatu, ambaye mwaka ule alikuwa anashona barakoa za vitenge, alikuwa na mikao mitatu tu: kichwa chini anashona, mkono juu anakata uzi, mgongo nyuma anajinyoosha. Basi gawa karatasi ya pembeni sehemu tatu. Akiwa kwenye mkao wa kwanza, chora hapo. Akibadilika, hamia sehemu ya pili. Akirudi, nawe rudi. Ndani ya nusu saa una michoro mitatu iliyokomaa, na hakuna aliyeambiwa "tulia hivyo hivyo". Kisha chagua mmoja, uhamishie kwenye mstatili wako.

Mimi huchagua ule ambao mikono inaonekana. Uso ninaugeuza au nauacha kivulini. Edward Hopper, mchoraji wa Marekani, mwaka 1928 alichora madirisha matatu ya ghorofa usiku, ndani mwanamke kainama, pazia la pembeni linapepea nje. Uso wake huuoni hata ukitafuta, na bado unahisi umemkuta mtu halisi. Mwaka 2020 watu walikuwa wakitumiana picha zake mitandaoni wakisema, huyu ndiye sisi.

Sawa. Rangi, na mshumaa wetu.

Kama ni mchana, nondo zimepigwa na jua na nyuma yake ni giza, kwa hiyo nondo ni nyeupe. Chukua mshumaa, uchonge ncha, chora nondo kwa kukandamiza juu ya karatasi. Hutaona kitu. Usiogope. Koroga bluu na kahawia mpaka zitoke nyeusi nyeusi, paka juu yote kwa brashi pana... mnaona? Maji yanakimbia nta. Nondo zimejitokeza zenyewe. Watoto wa mtaani walidhani ni uchawi mdogo. Angalizo: nta haifutiki, na hairuhusu kurekebisha, kwa hiyo mikono ya mtu iwe imeshakamilika kabla hujaugusa mshumaa.

Kama ni jioni, kinyume chake. Sisi wa Kigoma jua letu linazama Congo, ng'ambo ya ziwa, kwenye saa moja hivi, wakati Dar giza limeshaingia kitambo. Kuna dakika kama ishirini ambapo nje bado pana ubluu na ndani taa zimewashwa. Hizo ndizo dakika zangu. Anza na rangi ya taa: njano na chembe ya nyekundu, ikaribie rangi ya mawese, ila iwe na maji mengi. Paka dirisha zima, acha ikauke kabisa. Kabisa! Halafu ubluu wa ukuta wa nje, ukiizunguka fremu bila kuivuka. Nondo sasa ni nyeusi, kwa sababu mwanga uko nyuma yake. Zipige kwa peni mwisho wa yote, mkono usisite. Ukisita nondo inatetemeka.

Huu hapa, wa nyuma yangu kulia, ni wa Ramadhani ya mwaka ule, iliyoanza mwishoni mwa Aprili. Mvuke unaoonekana ni wa futari. Ule wa kushoto watu hudhani ni futari pia. Hapana, ni nyungu. Mnakumbuka kujifukiza? Mtu kajitanda blanketi lote, limebaki umbo kama kichuguu na mvuke unatoka kwa chini. Sikuhitaji hata kuficha uso. Na pale mlangoni kuna ndoo yenye koki na kipande cha sabuni juu ya tofali. Vitu kama hivyo usiviache nje ya mchoro kwa kuona vinachafua. Wachoraji wa Ujiji tumezoea kuwauzia wageni Livingstone na Stanley wakisalimiana chini ya mwembe, 1871, wala hakuna kati yetu aliyekuwepo. Hii ndoo mimi niliiona.

Nyuma ya karatasi andika tarehe na saa. Jina la jirani usiandike.

Mwisho, mpelekee mwenyewe auone kabla hujaurusha popote. Akikataa, unabaki kabatini kwako, hakuna mjadala. Mimi wa kwanza kabisa niliupeleka Juni, shule zilipoanza kufunguliwa. Mama aliushika mbali na macho, akausogeza, akautazama mtandio wake, akaridhika. Kisha akaweka kidole mezani pa mchoro.

"Mwanangu, birika langu halina mfuniko tangu mwaka juzi. Huu umeutoa wapi?"

Kweli, nilikuwa nimechora birika ninalolijua kichwani, si lile la dirishani. Niliufuta mfuniko pale pale, kwenye kibaraza chake. Ngoja niusogeze mchoro karibu na kamera. Mnaona hili doa la kifutio, hapa, juu ya birika?