Mnaogopa Mau Summit, mimi naogopa mteremko

Habari za jioni wandugu, sogeeni mbele kidogo, leo hatuna maiki. Nimeambiwa niongee kuhusu hii safari yetu ya miguu kutoka hapa Nakuru mpaka Kisumu, kilomita kama 180 kwa barabara ya Kericho, na tangu itangazwe kila mtu ananiuliza swali moja tu, Mau Summit tutapanda aje? Haya. Hapa tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari na kule inapita 2,400, kwa hivyo utahema ndio, jasho litakutoka, lakini ukilala vizuri asubuhi pumzi imerudi. Kenye mimi naogopa ni baada ya Kericho, pale barabara inateremka kwenda Awasi na Ahero, maanake Kisumu yenyewe iko kama mita 1,130. Ukishuka paja ndio breki, msuli unajikaza na papo hapo unavutwa, nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo, na ubaya ni kwamba siku hiyo huskii kitu. Jioni unapiga story vizuri tu. Kesho yake ama kesho kutwa ndio unaingia choo cha shimo, unataka kuchuchumaa, unashika ukuta kwa mikono miwili na bado mapaja yanakataa.

Kwa hivyo yote nitasema leo, saa ya kuamka, chakula, soksi, ni ya kutufikisha Kericho mapaja yakiwa bado yako sawa, na Kericho tutalala siku mbili, hiyo siku ya kupumzika sitaki mtu aniombe tuiruke.

Kuamka ni saa kumi na moja, kukipambazuka tuko barabarani, saa saba mchana tumemaliza. Wengine mnaona ni mapema sana lakini nyinyi mnajua mvua ya upande wa Kericho, ikifika mchana inamwagika, na mguu uliolowa ngozi yake inalainika, hiyo ndio inatoka malengelenge haraka. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, wale walikuwa wanapita Mumias na pembe na shanga, mzigo wa kilo kama 30 kwa kila mtu, walikuwa wanang'oa kambi alfajiri na jua likifika utosini washatua. Tena siku ya kwanza walitembea kidogo tu nje ya mji wakalala, ndio aliyesahau kitu arudi akichukue. Naipenda sana hiyo akili. Sisi pia siku ya kwanza hatutafika Salgaa hata kama mtakuwa mnaskia nguvu, zile siku zingine tutaenda kilomita 25 mpaka 30.

Sasa miguu. Lengelenge linaletwa na joto, unyevu na msuguano, ngozi ya juu inaachana na ya chini halafu maji yanajaa katikati. Lakini kabla lijae mguu unakuambia, pale nyuma ya kisigino ama chini ya kidole gumba unaskia kamoto, ukigusa pana joto kuliko pengine. Simama hapo hapo, usingoje steji ya mbele, vua kiatu, kausha mguu, bandika plasta, badilisha soksi, ni dakika tano. Na mtu mmoja akisimama wote tunasimama. Mimi huwa naumia sana nikiona mtu amenyamaza eti asisumbue wenzake, jioni anavua soksi na ngozi inakuja nayo, kesho anarudishwa na matatu na alikuwa na uwezo wa kufika. Kiatu kiwe kikubwa kidogo maanake mguu hufura mchana, hata mtumba ni sawa bora umeshakivaa kikakuzoea.

Chakula tutakula kabla njaa ishike, uji na nduma asubuhi, chapati njiani, jioni ugali wa kutosha. Maji pia, lakini kule Kano, ule uwanda wa Ahero, jua ni kali na kivuli hakuna, ukinywa maji matupu mengi chumvi inapungua mwilini, kichwa kinauma na unaskia kutapika. Kwa hivyo changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kila mtu abebe chupa yake. Na mkiona mwenzenu kuanzia saa tano hivi amekuwa mkali bila sababu, ama ameacha kuongea, msimkasirikie, huyo amechoka ama ana njaa, mpeni kitu ale na mumtoe mzigo.

Barabarani tunatembea upande wa kulia tukiangalia magari yanayokuja, laini moja, reflekta kifuani, na kutoka Salgaa kwenda Sachangwan hakuna kuweka earphone masikioni, yale malori mnayajua.

Jumamosi tunaenda Njoro kujaribu, mje na viatu vile vile mtavaa safarini. Na wenye magoti yanasumbua waniambie leo kabla hatujatoka hapa, tuwatafutie fimbo mbili mbili za kushukia, fimbo inapunguzia goti kazi, na kuzizoea kunataka siku kadhaa.