"Ni ya Kurithi au ni Sumu?" Swali Linalotuchelewesha Kuhusu Parkinson

Nawashukuru kwa kufika. Nianze na swali ninaloulizwa karibu kila ninaposimama kuuzungumzia ugonjwa wa Parkinson, huu wa ubongo unaomkakamaza mtu polepole: "Daktari, Parkinson ni ya kurithi au inatokana na sumu?" Naomba leo tuachane nalo. Limewagawa watafiti kambi mbili kwa miaka mingi, limewatia wazazi hatia isiyo yao, na kwa maoni yangu limechangia kuharibu majaribio makubwa ya dawa. Jeni ina njia yake na sumu ina njia yake, lakini mara nyingi zinakutana mahali pamoja ndani ya seli, kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vinavyoipatia seli nishati.

Dopamini, kemikali ya ubongo inayouwezesha mwili kusogea, na levodopa, dawa inayoiongeza, mnazijua, sitarudi huko. Nataka twende California mwaka 1982, na mnivumilie, maana hapa sitakimbia.

Mwaka ule, kaskazini mwa jimbo hilo, hospitali zilianza kupokea watu waliokakamaa ghafla. Umri wao haukuwa wa Parkinson kabisa. Wengine walikuwa vijana. Fahamu walikuwa nazo, wakisikia kila neno, lakini kusema hawawezi, kuinua mkono hawawezi. Daktari wa neva William Langston na wenzake waliwapa levodopa, na wakaanza kusogea. Hebu fikirini: ugonjwa unaomnyemelea mtu kwa miaka mingi umewaangusha hawa ndani ya siku chache! Kilichowaunganisha ni kwamba wote walijidunga heroini bandia iliyotengenezwa kienyeji, na ndani yake mlikuwa na kemikali iliyojitokeza kwa bahati mbaya, MPTP.

Na jambo hilo lilikuwa limeshatokea. Mwaka 1976 huko Maryland, mwanafunzi wa kemia aliyekuwa akijitengenezea dawa ya jamii ya pethidini, ile dawa kali ya maumivu, alikatiza hatua za utengenezaji, akajidunga, akapata dalili zilezile. Alipofariki baadaye kwa sababu nyingine, uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha seli za substansha nigra, sehemu ya ubongo zilimo seli zinazotengeneza dopamini, zimeharibika. Ripoti ilichapishwa mwaka 1979 na haikuvuma. Ingesomwa kwa makini wakati ule, tungetangulia kwa miaka kadhaa.

Sasa ifuateni MPTP hatua kwa hatua, kwa sababu mhadhara wangu wote umo humu. MPTP yenyewe haiui seli. Inapenya hadi kwenye ubongo, inaingia katika seli saidizi zinazozizunguka seli za neva, na humo kimeng'enya kiitwacho MAO-B kinaigeuza kuwa MPP+. Hiyo ndiyo sumu. Lakini hata MPP+ haiingii hovyo kila seli. Inafanana na dopamini kiasi kwamba mlango unaoirudisha dopamini ndani ya seli unaipokea nayo pia. Kwa hiyo zinazoathirika zaidi ni zile seli zenye mlango huo. Ikishaingia, inajikusanya ndani ya mitokondria na kuziba kompleksi ya kwanza, yaani mashine ya kwanza kati ya zile zinazopokezana elektroni ili seli ipate nishati. Nishati inapungua, molekuli haribifu za oksijeni zinaongezeka, seli inakufa. Wanyama waliopewa dawa ya kuzuia MAO-B kabla ya MPTP waliokoka na madhara hayo. Ndiyo maana nasema tunaijua njia hii kwa uhakika.

Najua kuna anayesema moyoni: hao walikula sumu, mgonjwa wa kawaida anahusikaje? Pingamizi hili nimelijibu mara nyingi na nitalijibu tena. Mwaka 1989 watafiti wa London walipima substansha nigra za watu waliofariki wakiwa na Parkinson ya kawaida, watu wasiowahi kuiona MPTP, wakakuta utendaji wa kompleksi hiyohiyo ya kwanza umeshuka. Mwaka 2000 ikaonekana kwamba panya waliopewa rotenoni, kiuatilifu kinachoziba kompleksi ya kwanza, walipata madhara yanayofanana na Parkinson. Rotenoni haichagui mlango. Inaingia seli zote mwilini. Hata hivyo seli za dopamini ndizo zilizoelemewa zaidi.

Kwa nini hizo? Kwa sababu zimebebeshwa mzigo usio wa kawaida. Seli moja ya substansha nigra ya binadamu inakadiriwa kuwa na matawi yanayounganika na seli nyingine mahali zaidi ya milioni moja. Tena haipumziki: inapiga mapigo ya umeme yenyewe mchana na usiku, kila pigo likiingiza kalsiamu ambayo lazima itolewe tena kwa gharama ya nishati. Seli ya namna hiyo huishi karibu na ukingo. Punguza nishati kidogo tu, itakuwa ya kwanza kuanguka.

Tuje kwenye jeni. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walitambua jeni ya parkin katika familia zenye wagonjwa walioanza kuugua wakiwa bado vijana. Mwaka 2004 ikatambuliwa PINK1. Hakuna aliyejua jeni hizi mbili zinahusiana vipi, hadi nzi wa matunda walipotufundisha mwaka 2006. Nzi asiye na PINK1 misuli yake ya kurukia inaoza na mitokondria zake zinavimba. Nzi asiye na parkin, hali ni hiyohiyo. Ukimwongezea parkin nzi aliyekosa PINK1, anapata nafuu kubwa. Ukifanya kinyume chake, hapati. Maana yake PINK1 inatangulia, parkin inafuata.

Kazi yao ni ukaguzi. Katika mitokondria yenye afya, PINK1 huvutwa ndani, ikakatwa na kuharibiwa, kwa hiyo huioni. Mitokondria ikipoteza chaji ya utando wake, PINK1 haivutiki tena, inarundikana nje. Hapo inaiamsha parkin, na parkin inaupaka utando wa nje alama za ubikwitini, ishara kwa seli kwamba mitokondria hii imeze, isage. Mwaka 2008 maabara ya Richard Youle huko Marekani ilionyesha parkin ikikimbilia mitokondria zilizoharibika na kuziacha nzima. Yaani jeni zote mbili zinahusika na kuondoa mitokondria mbovu! MPTP inaziharibu; mutesheni, yaani hitilafu, za PINK1 na parkin zinazuia zilizoharibika zisiondolewe. Sasa niambieni, huu ni ugonjwa wa sumu au wa kurithi?

Wapo watakaonikumbusha kwamba panya wanaozaliwa bila PINK1 au bila parkin hawaugui sana. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba mengi ya haya yalionekana kwanza kwenye seli za maabara zilizotiwa kemikali. Lakini panya anaishi miaka miwili au mitatu. Binadamu anazibeba seli zilezile miongo mingi.

Na hili la "kwetu hakuna aliyewahi kuugua", tafadhali. Mutesheni za parkin na PINK1 zinaleta ugonjwa pale nakala zote mbili zinapoharibika. Baba ana moja mbovu, mama ana moja mbovu, wote wazima; mtoto akazipata zote mbili. Ukoo mzima unaweza kuwa na afya na jeni ikawemo. Wala msiseme mitokondria hutoka kwa mama, basi mama ndiye chanzo. DNA ya mitokondria ina jeni 37 tu. PINK1 na parkin zimo kwenye kiini cha seli, na zinatoka kwa wazazi wote wawili.

Nimeambiwa muda unakwisha, na lililonileta bado. Majaribio ya dawa. Mbili zilitarajiwa kuisaidia mitokondria. Koenzaimu Q10 ilijaribiwa kwa wagonjwa 600, jaribio likasimamishwa mwaka 2011. Kreatini ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,741, nalo likasimamishwa mwaka 2013. Hakuna iliyosaidia, na msizinunue kwa matumaini hayo. Baada ya hapo nikasikia watu wakisema nadharia ya mitokondria imekufa. Imekufaje? Wagonjwa hawakuchaguliwa kwa jeni zao. Aliyeharibikiwa parkin, mwenye hitilafu katika jeni nyingine kama LRRK2 au GBA1, na wale ambao hatujui mwanzo wa ugonjwa wao, wote wakawekwa kapu moja na kupewa kidonge kimoja. Kama dawa ilimfaa mmoja kati ya ishirini, kwa hesabu ile tungemwonaje?

LRRK2 ningetaka kuieleza vizuri, sina muda: mutesheni yake ya G2019S hupatikana sana Afrika Kaskazini na kwa Wayahudi wa Ashkenazi, hutosha nakala moja, lakini wengi walio nayo hawaugui kamwe. GBA1 inagusa lisosomu, mahali hasa mitokondria mbovu zinaposagwa, na mwaka 2023 ilichapishwa aina yake inayowahusu watu wenye asili ya Afrika, iliyokuwa haijaonekana kwa sababu Waafrika hawakuwa wakichunguzwa. Kwa hiyo anayeandaa jaribio la dawa aanze kwa kusoma jeni za kila mgonjwa, na katika orodha hiyo Waafrika wawemo. Alfa-sinukleini, protini inayorundikana ndani ya seli za neva za wagonjwa hawa, nimeiruka, najua mtaniuliza. Karibuni na maswali.